Tulivyoezeka Darasa la Tano kwa Chai

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nasema hivi bila aibu, na anayenijua hapa Bunda atakubali. Nilianza maisha kwa kubeba furu, samaki wadogo wa ziwani, wakavu, kichwani kutoka Musoma, kwa miguu, kaptula moja mwilini. Leo nina mkahawa wa bati njia panda, meza sita, viti vya kuegemea, na gramafoni. Nimeona nzige wakila shamba, wakamaliza, wakaanza kamba za kitanda. Nimeona mamba akipasuliwa ufukweni akatolewa bangili tatu tumboni. Nimemkopesha karani wa boma, na karani akalipa! Baada ya hayo, kipi kinishangaze?

Shule nilisoma miezi minane, kwa katekista mmoja upande wa Butiama, mpaka baba aliponirudisha kwa ng'ombe. Herufi zilizobaki nilizimalizia mwenyewe kwa kusoma maboksi na matangazo ya mnada. Kwa hiyo mtemi alipotaka watu watano wa kamati ya shule yetu, watu wenye akili, aliniita mimi. Alifanya vizuri.

Watu hudhani kamati ni kukaa na kutikisa kichwa. Sisi tulikuwa watu wa kutembea. Mwanzo wa mwaka tulipita nyumba kwa nyumba, Nyasura mpaka Manyamanyama, kuomba watoto. Baba anatuapia kwamba mwanawe amekwenda kwa mjomba, na miguu ya mwana inaonekana chini ya ghala la mtama. Tulihukumu kesi za mbuzi waliokula bustani ya shule. Tulikagua choo, tukapima mahindi ya walimu. Mwenyekiti wetu alikuwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chini ya mtemi, mzee mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Katibu alikuwa Mwalimu Mkuu, mtu wa misheni, safi kama shati lake, hajawahi kugusa pombe hata kwa kuinusa.

Siku moja Mwalimu alituita haraka. Tulimkuta amesimama na barua.

"Wazee, imetoka kwa Bwana Elimu, Musoma," akasema. "Mwaka huu ametengewa darasa la tano moja tu la kugawa. Atakuja hapa Alhamisi ya wiki ijayo. Akikuta jengo letu limeezekwa, darasa ni letu. Akikuta kuta zinatazama mbingu, linakwenda Nyamuswa."

Niliruka kutoka kwenye benchi. Darasa la tano! Kuta zilikuwa zimesimama tangu kiangazi, matofali tuliyofyatua wenyewe, na miti ya paa ilikwisha kupigiliwa. Zilibaki nyasi tu. Na mimi nilikuwa na jambo kifuani ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Binti yangu alikuwa darasa la nne, wa kwanza kwa hesabu, anawapita wavulana kama baiskeli inavyopita punda. Darasa la tano lililokuwapo lilikuwa mbali, la kulala huko huko, na mama yake alikwisha kusema: binti yake hatalala mahali ambapo yeye hasikii akikohoa. Kwa hiyo ilikuwa hivi: darasa liwe hapa, au kalamu ya mtoto iishie hapo.

"Kazi ndogo," akasema Mwenyekiti. "Tunaita risaga, watu wafanye kazi kwa pamoja. Wake zangu watapika pombe mitungi minane, vijana watakata nyasi, siku moja tumemaliza. Ndivyo tunavyojengaga siku zote."

"Pombe haiingii kiwanja cha shule," akasema Mwalimu.

"Basi tuiweke nje ya kiwanja."

"Watu wa misheni hawatapanda paa linalojengwa kwa pombe, Mzee, hata ukiiweka Musoma. Na mafundi wa kuezeka wote ni wa misheni."

"Na wenye nyasi wote ni wangu!" Mwenyekiti akapiga fimbo chini. "Unafikiri wafugaji watashuka mlimani na mizigo kichwani waje kupewa maombi?"

Hapo ndipo palipokwama. Huyu ana mafundi, yule ana nyasi, na katikati yao mtungi. Nilitazama huku nikatazama huku, nikaona darasa linashika njia ya Nyamuswa kwa miguu yake. Nikasimama.

"Chai," nikasema.

"Chai imefanya nini?" akauliza Mwenyekiti.

"Tuite risaga ya chai. Nitapika mimi. Chai ya maziwa, yenye sukari ya kweli, si ile ya kuonyeshwa kijiko. Mtu wa misheni atakunywa, Mwislamu kama mimi atakunywa, mfugaji atakunywa."

Mwenyekiti alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe mura, kijana wangu, umechomwa na jua? Mwanamume apande paa kwa chai? Nyasi zenyewe zitakataa kukaa!"

"Mzee wangu, nakwambia watakuja."

"Watakuja wagonjwa wa kikohozi!"

"Wasipokuja, Alhamisi nitasimama mbele ya Bwana Elimu, niseme mimi ndiye niliyewakosesha watu darasa."

Akaacha kucheka. "Haya. Jumatano. Nitapiga mbiu. Lakini nitasema wazi kwamba ni chai, nisije nikatukanwa."

Nyumbani mama watoto alikuwa akichambua mchele. Nilimweleza huku natembea, siwezi kukaa, damu inachemka.

"Watu wangapi?" akauliza.

"Sitini. Risaga ya Mwenyekiti ikiwa kubwa sana huwaga sitini. Sukari ya nusu gunia tuliyo nayo inatosha na kubaki."

"Sitini wa pombe," akasema, bila kuinua macho. "Wa chai je?"

Sikumwelewa, nami sikuuliza. Hilo ndilo kosa langu, nalikiri. Pombe ya risaga ina sheria zake. Kila mji, yaani kila kaya, hutoa mwanamume mmoja, naye ndiye anayekaa kwenye mtungi. Mwanamke hakai, mtoto hasogei, kijana hunywa akiitwa. Kwa hiyo ukijua miji, umejua watu. Lakini chai! Nani alikuwa ameweka sheria ya nani anywe chai?

Jumatano alfajiri tulipanga madebe sita juu ya mafiga. Jua likatoka. Hakuna mtu. Walikuja Mwalimu na mafundi wake wanne, wakapanda kwenye miti ya paa, wakakaa huko mikono mitupu kama kunguru. Mwenyekiti alikuja na kiti chake cha miguu mitatu, akakaa, akaweka kikombe kitupu gotini. Kikombe kile kitupu kiliniuma kuliko kicheko. Nikawa nachochea moto usiohitaji kuchochewa.

Kisha fundi mmoja juu akapiga kelele: "Mlima unatembea!"

Nikageuka. Naapa, mlima ulikuwa unatembea. Nyasi zilikuwa zinashuka zenyewe, mstari mrefu wa manjano, na chini ya kila mzigo miguu miwili. Walitangulia wanaume. Nyuma yao wanawake, mizigo mikubwa kuliko ya wanaume, na vibuyu vya maziwa viunoni. Nyuma ya wanawake wakaja bibi vizee, kila mmoja na kishada chake cha nyasi kama mtu anayepeleka zawadi. Kutoka upande wa pili wakaja wa misheni, wanaimba kwa sauti nne. Na kila mtu, nakwambia kila mtu, ameshika chombo: kikombe cha bati, kata, kibuyu, kopo la maziwa, bakuli. Bibi mmoja alikuja na sufuria nzima.

"Bibi, hiyo si ya kupikia?" nikamwuliza.

"Mbiu ilisema kila mtu na kikombe chake," akajibu. "Hiki changu."

Kazi ikawaka. Sijaona kazi kama ile. Nyasi zinarushwa, kamba zinavutwa, mafundi juu wanadai, "Leta! Leta!", watu chini wanataniana.

"Wewe wa misheni, fungasha vizuri, Mungu anakuona!"

"Na wewe wa pombe, hebu panda na wewe, leo huna cha kusingizia!"

Wakapanda pamoja. Wazee ambao hawakuwa wamesalimiana tangu kesi moja ya mpaka wa shamba walikuwa wanapokezana nyasi mkono kwa mkono. Mimi nilikuwa nakimbia na debe, nikimimina, nikitukanwa, nikicheka. Nilitaka kupiga kelele kama mtoto.

Saa tatu na nusu mama watoto akanivuta shati.

"Baba, sukari imekwisha."

"Nusu gunia?"

"Nilikuuliza, wa chai je?"

Nikatazama juu. Paa lilikuwa limeezekwa upande mmoja, tena nusu yake. Na risaga ina sheria moja ambayo haivunjwi na mtemi wala mtume: mtungi ukikauka, watu wanateremka. Hawakasiriki, hawakutukani. Wanaaga tu. Duka la hapa Bunda nililijua; nusu gunia langu ndilo lililomaliza sukari yake. Lori la pamba lilikuwa linapiga honi barabarani, linaelekea Musoma.

"Wazuie," nikamwambia mke wangu.

"Kwa kitu gani?"

"Sijui! Wazuie tu!" Nikakimbia, nikadandia lori, nikakaa juu ya marobota.

Yaliyotokea nyuma yangu nimesimuliwa na watu wengi kiasi kwamba nayaona. Mke wangu alijaza madebe maji na majani ya chai, akachochea moto mkubwa. Mfugaji mmoja akaja na kata yake, akaonja, akatema.

"Hii haina sukari! Mtungi umekauka. Jamani, teremkeni!"

Wengine wakaanza kushuka. Mke wangu, ambaye hapo kabla hajawahi kusema neno mbele ya baraza, akapanua kanga yake mbele ya madebe.

"Umekauka wapi? Njoo uone kama umekauka! Umejaa mpaka shingoni!"

"Umejaa maji, mama."

"Na pombe ni nini?"

Watu wakaangua kicheko, kisha wote wakamgeukia Mwenyekiti. Sheria ya risaga ni yeye. Angesema neno moja tu, chai yangu ingekwisha, na kicheko chake kingekuwa cha haki. Mzee akainuka kwenye kiti chake, akaenda mpaka kwenye debe, akachungulia ndani kama mganga. Akachota. Akanywa kile kitu kichungu chote, mpaka chini, uso umekunjamana. Akajifuta mdomo.

"Mtungi haujakauka," akasema kwa ile sauti ya bonde. "Nani aliyeteremka? Panda!"

Wakapanda.

Mimi Musoma nilimkuta Mhindi wangu anafunga mlango kwenda kula. Niliingiza mguu.

"Magunia mawili ya sukari, Bwana, na majani ya chai."

"Wewe nafungua hoteli mpya?"

"Nafungua darasa la tano!"

Alinitazama kama anayemtazama mtu mwenye homa, lakini alipima. Nikakodi gari dogo la fundi seremala, bovu, likipanda kila kilima kwa kulalamika. Nilisukuma mara mbili. Saa tisa na nusu tulipoingia kwenye kiwanja, watu juu ya paa waliona magunia kabla ya kuniona mimi, wakapiga vigelegele, wanaume kwa wanawake. Mwenyekiti alinipokea kwa maneno haya tu:

"Umechelewa. Nimekunywa vikombe vitatu vya dawa yako."

"Mzee, sijui nikushukuruje."

"Nitilie sukari."

Jua lilikuwa bado halijagusa mlima fundi alipofunga nyasi ya mwisho kwenye kilele cha paa, akasimama juu yake, akakunjua mikono. Kelele zile, nina hakika, Nyamuswa walizisikia.

Alhamisi Bwana Elimu alifika na kofia yake na karatasi zake. Aliingia, akatazama juu. Jengo lote lilikuwa linanuka nyasi mpya. Akasukuma boriti kwa kiganja, akatembea kutoka ukuta hadi ukuta, akahesabu hatua kwa midomo. Sisi watano tulisimama mstari mmoja. Binti yangu alikuwa amejipenyeza dirishani na wenzake, macho tu yanaonekana.

"Vizuri," akasema. "Darasa la tano litafunguliwa hapa."

Mwalimu Mkuu alilia. Mtu safi vile, alilia na kujifuta kwa tai. Mwenyekiti akanipiga mgongoni karibu nianguke. Dirishani wakaanza kurukaruka, na nikamsikia mtoto wangu akimwambia mwenzake, "La tano! La tano! Nilikwambia!"

Lakini Bwana Elimu alikuwa hajamaliza. Akafungua fomu, akanyoosha kalamu. "Kamati imetumia fedha kiasi gani kuezeka?"

Wenzangu wote wakanigeukia. Nilikuwa sijawaambia nilichotoa mfukoni. Ningeweza kusema, na pengine serikali ingerudisha kidogo. Lakini nilitazama lile paa, nikamtazama Mwenyekiti, nikawakumbuka wale bibi na vishada vyao. Nikatunisha kifua.

"Hapana kitu, Bwana. Watu wamekuja wenyewe."

Akaandika sifuri, kubwa, ya mviringo, akasema kamati nyingine zije kujifunza kwetu. Karatasi ile ipo Musoma mpaka leo. Januari binti yangu alikaa benchi la mbele, chini ya nyasi zile. Sasa, kwa kuwa hapa naandika mimi na si Bwana Elimu, niandike na yangu: sukari, majani ya chai, gari la seremala, pamoja na vikombe kumi na vinne vya mkahawa wangu vilivyochanganyika na vyao vikapanda mlimani bila kurudi, paa lile lilinitoka shilingi mia tatu kumi na mbili na senti arobaini.