Masale Kwenye Shamba la Afande

Wiki sita Tabisa alikaa Bugoye akisomea pamakacha, kilimo kile cha kufuata maumbile ya mahali, na aliporudi kwao, kwenye kilima cha juu ya Bwera, alirudi na cheti, fremu ya miti mitatu yenye jiwe la kuning'inia, ya kupimia mteremko, na mdomo. Mdomo huo usiudharau. Kabla ya hapo alikuwa mjane wa kuuza ndizi sokoni Mpondwe, anayemtunza baba yake, mzee Danieri, na akisimama kusema neno mkutanoni watu walianza kukohoa. Sasa aliwafundisha wanawake kumi na wanne kupima mteremko, kuhifadhi mbegu za maharage kwa majivu kama bibi zao walivyofanya, na kukaa duara wakisikilizana. Wakamchagua mwenyekiti wao. Alifurahi, kwa nini asifurahi?

Lakini kilima kina juu na kina chini, na Tabisa alikaa chini. Juu yake lilikuwa shamba la Erisa, askari wa jeshi, ambaye mwaka mzima huwa kambini huko kaskazini. Mvua ikinyesha, maji ya shamba hilo yalishuka mbio, na yalikwisha chimba korongo ambalo kila msimu lilisogea hatua mbili tatu kuelekea nyumba ya mzee Danieri. Nyumba hiyo mzee aliijenga kwa mikono yake, miti na udongo, na aliapa kufia humo. Mwalimu wa Bugoye alikuwa amesema wazi: maji unayakamata juu, kabla hayajapata nguvu. Kwa hiyo ama mtaro upite shambani kwa Erisa, ama nyumba iende.

Tabisa akapanda kwa mke wa Erisa, Lamunu, Mwacholi aliyeolewa kutoka kambini. Mmoja hajui Kikonzo, mwingine hajui Kiacholi, basi walielewana kwa Kiswahili chao cha sokoni.

"Mama Bright, hii maji inatoka kwako itatumaliza," Tabisa alisema.

"Mimi naiona, mama. Chimba tu. Bwana iko mbali, lakini hawezi kataa kitu mzuri."

Wanawake walichimba siku mbili. Mtaro ulikatiza shamba upande hadi upande, umenyooka, maji hayangeponyoka. Kilichobaki ni kitu cha kushika tuta la mtaro lisibomoke, na mvua ilikuwa karibu. Tabisa alikimbilia ua wa baba yake, akakata masale, mimea ile ya majani marefu, akayachomeka kwenye tuta lote, maana masale hushika hata ukiyapanda kwa dharau.

Masale! Mtu aliyezaliwa kwenye kilima kile, binti wa Danieri, anachomeka masale kwenye shamba la mtu! Pale hata mtoto wa kunyonya anajua kwamba masale ni mpaka. Ukiyapanda umetamka: kuanzia hapa ni kwangu. Watu wameshakatana mapanga kwa ajili ya mche mmoja. Lamunu hakujua, kwao si hivyo. Wale wanawake wengine walijua, ila walidhani mwenyekiti amekwisha kubaliana na afande. Na Tabisa alijua kuliko wote, lakini siku ile kichwa kilijaa Bugoye, akaona mizizi tu. Majuto ni mjukuu, husemwa, lakini yeye mjukuu wake alizaliwa wiki ileile.

Erisa alikuja likizo ya siku tano. Akiwa bado barabarani akaona mstari wa kijani umekata shamba lake katikati. Hakufoka.

"Nani alipasua shamba yangu?" alimuuliza mkewe.

"Ni ya kushika maji, Baba Bright."

"Maji inapandiwa masale?"

Tusimwite mtu mbaya. Baba yake alipolazwa hospitali, jirani alikuwa akiyahamisha masale kidogo kidogo, na mzee aliporudi nusu ya shamba ilikuwa imekwenda. Erisa aliyang'oa yote, akafukia mtaro, kisha akamwambia Lamunu mbele ya watu: jembe likigusa pale tena, utapanda basi la kwenu Gulu, na watoto utaniachia mimi.

Tabisa alikwenda kumpigia Erisa magoti. Alikuta amekwisha ondoka. Akaenda kwa Nobert, mzee wa kilima, mwamuzi wa mambo ya ardhi, aliyekuwa akichambua kahawa yake uani, na huyo hakuinua hata macho. Mpaka ukipandwa kwa makosa, alisema, hakuna jembe kuingia pale hadi koo mbili zikae pamoja, na mwenye shamba awepo. Tabisa alipiga simu mara tisa. Ya kumi ilipokewa.

"Mama Tabisa, niko kazini. Tutaonana Krismasi."

Krismasi! Mvua ya kwao haijui Krismasi. Tabisa alichimba mitaro kwenye kipande chake, akaweka mawe, akapanda majani, huku akijua kabisa kwamba anafanya ili asikae bure. Alikasirika, kisha akakosa wa kumkasirikia. Kila alipohesabu makosa, vidole vilimrudia yeye.

Mvua ile kubwa ilikuja Oktoba, saa tisa mchana. Wanawake wa kikundi walifika na majembe, wamelowa chapachapa, wakasimama wakimtazama mwenyekiti. Aliwaambia wambebe mzee. Walimbeba juu ya kiti chake, huku akiwatukana, hadi barazani kwa jirani. Mitaro ya Tabisa ilijaa, ikapasuka mmoja baada ya mwingine, na korongo likafika kwenye msingi wa nyumba.

Ndipo Lamunu alipoteremka mbio, jembe begani.

"Mama, acha mimi nifungue ile mtaro. Ni shamba ya bwana yangu, si yako. Nitafungua."

Tabisa aliitazama nyumba. Akamtazama Bright na mdogo wake, wamesimama mlangoni kule juu wakimngojea mama yao. Ingetosha kunyamaza tu. Hakuna ambaye angemlaumu kwa kunyamaza.

"Rudi kwa watoto," alisema, akalishika jembe kwa mikono miwili, akamnyang'anya.

Lamunu alibaki pale pale, analia. Ukuta wa nyuma ulikaa chini taratibu, kisha paa likaufuata. Barazani mzee Danieri alikuwa ameona yote. Alimwita binti yake, na alipofika akamuuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli:

"Tabisa, si ulienda Bugoye kusomea maji?"

"Nilienda, Baba."

"Sasa kwa nini huyasimamishi?"

Jembe la Lamunu bado lilikuwa mikononi mwake, na jibu lote alikuwa nalo. Angelianzia wapi kwa mzee wa watu? Aliliweka chini, akachuchumaa, akaanza kumfuta miguu tope kwa upindo wa kanga.