Kisanduku chake mbele, changu nyuma

Mpiga gitaa wa orkesta yetu alikuwa mfanyakazi kwenye tanuru la shaba. Alipokufa, matanga yakaisha, mke wake alituletea kisanduku chake, kile cha kukanyaga ili sauti ikwaruze. Alikuwa amekifunga ndani ya kikwembe, kitenge chake cha kujifunga.

Hatukuwa na mpiga gitaa mwingine. Nilikiunganisha na ogani yangu, kinanda cha umeme, pamoja na kisanduku changu cha kulainisha sauti. Nilipotanguliza changu, sauti ilikuwa nene na akordi zilisikika vizuri. Nilipotanguliza chake, akordi zilivurugika zikawa kelele tupu. Ningelazimika kupiga noti moja moja, kama alivyopiga yeye gitaa lake. Nikakirudisha nyuma.

Mjane alikuwa bado amesimama mlangoni.

“Ule alikuwa mukubwa wenu,” akasema. “Mumutie mbele.”

Nilikasirika. Anajua nini habari ya ogani? Lakini nani angebishana na mama mwenye kufiwa? Nilikitia mbele.

Jumamosi, kwenye baa, nilipiga noti moja moja, mkono wa kushoto umekaa juu ya goti. Waliokuwa wakicheza waliacha kucheza. Hawakunitazama mimi. Walitazama mahali marehemu alipozoea kusimama na gitaa lake.