Mahari ya Majembe

Mzee Romanus Kapinga hakukiamini kitu chochote kinachokunjika. Gazeti, noti, stakabadhi ya kahawa, hata barua za mwanawe aliyekuwa jeshini, vyote alivipokea kwa ncha za vidole na kumpa mkewe Walburga aviweke. Kitu cha kuaminika, alisema, ni kile kikikudondokea mguuni unapiga yowe.

Hakuzaliwa hivyo. Baba yake alibebeshwa mizigo ya Wajerumani katika vita vile vya kwanza, akavuka nayo Ruvuma, akalipwa kwa karatasi za rupia. Aliporudi, Wajerumani wamekwisha ondoka, alizipeleka karatasi zake dukani Songea. Mwenye duka alizigeuza huku na huku, akamrudishia, akamwambia fedha hiyo imekufa. Romanus alikuwa mtoto, na hakuwa amejua bado kwamba fedha nayo hufa. Mama yake alizitumia kuzibia nyufa za ghala la mahindi. Baba yake hakulizungumza tena jambo hilo, ila kila alipopita mbele ya ghala aliinamisha kichwa, kama apitaye mtu makaburini.

Basi ilipofika miaka ile ya themanini na kitu, sisi wa kijiji cha Mbuji tukipanga foleni ya sabuni na kurudi na chumvi, au tukipanga ya chumvi na kurudi na habari tu, Romanus ndiye pekee ambaye hakushangaa. Alikuwa ameingoja siku hiyo maisha yake yote. Redio ilisema nchi inadaiwa. Ilisema mafuta yamepanda bei, vita vya Kagera vimekula akiba, na wakubwa wa fedha wa dunia wanataka shilingi ishushwe thamani.

"Deni la nani?" aliuliza siku moja tukiwa kwenye mizani ya kahawa.

"La taifa, mzee."

"Na taifa linalala wapi? Mdai akija usiku huu atabisha hodi mlango gani?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameona mwenyewe kwamba fedha iliyotosha doti ya khanga mwezi wa tano, mwezi wa kumi haikutosha hata upande mmoja. Kwa hiyo kila alipopata malipo ya kahawa aliyageuza upesi kuwa chuma. Alinunua majembe. Hayakuwa rahisi kupatikana, na aliposikia jembe liko Mpepai au hata mbali kuliko huko, alikwenda kwa miguu. Zamani, alitukumbusha, kabla ya rupia na kabla ya shilingi, binti wa milima hii aliolewa kwa majembe, na hakuna aliyepata kusikia kwamba jembe limekufa.

Aliyapanga darini juu ya jiko, bila mipini, yamepakwa mafuta ya nguruwe yasishike kutu. Mafuta hayo ndiyo yaliyokuwa vita vya nyumba ile.

"Baba Zita," Walburga alimwambia, "sisi tunakula majani ya maboga makavu, chuma kinakula mafuta. Hata Kwaresima majembe yako hayafungi."

"Yakishika kutu, utakula hiyo kutu?"

"Nimekula na wewe tangu usichana wangu. Kutu itanishinda nini?"

Mchumba wa Zita, kitinda mimba wao, alikuwa Mwalimu Chedieli, Mpare aliyepangiwa shule yetu: mtu mrefu, Mlutheri, mpole hadi wanafunzi wakamwonea huruma. Zita alimpenda waziwazi, na padre alikwisha kutoa ruhusa. Siku ya kutoa mahari mshenga aliweka noti juu ya mkeka, zimepangwa vizuri, mpya. Romanus hakuzigusa.

"Mkwe, hizi nini?"

"Mahari, baba."

"Hizi ni picha. Mimi nataka majembe. Kumi."

Mshenga alidhani ni mzaha, akacheka, akajikuta anacheka peke yake.

"Baba," Chedieli alisema taratibu, "majembe hayapo nchi nzima."

"Ndiyo maana nayataka. Binti yangu naye hayupo nchi nzima. Yupo hapa tu."

Likizo ya Desemba ilipofika, mwalimu akapotea. Alirudi Januari amebeba godoro kichwani, limekunjwa na kufungwa kamba, na wanawake waliokuwa kisimani walidhani ana mgonjwa ndani. Yalikuwa majembe. Moja alipewa na mjomba wake huko Upare, baada ya maneno mengi. Mengine aliyapata Makambako kwa kubadilishana na redio yake. Yaliyobaki aliyatoa ziwani, Liuli, kwa mvuvi mmoja aliyetamani baiskeli, ndiyo maana alipanda milima kwa miguu. Romanus alilichukua kila jembe, akaligonga kwa jiwe, akatega sikio.

"Manane," akasema.

"Mawili yatakuja, baba."

"Nchi nayo ilianza hivyo hivyo."

Lakini alicheka. Alicheka hadi akashika ubavu, na Zita, aliyekuwa mlangoni mwa jiko, akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Ndoa ikapangwa baada ya Pasaka.

Kwa desturi mahari hailiwi na mtu mmoja. Ndugu wa Romanus walikuwa na fungu lao, na wake zao ndio waliomlea Zita mgongoni kwa zamu. Romanus alisema wangoje kidogo, nyakati ni mbaya. Januari ikapita, Februari ikapita, na yale manane yakapanda darini kuungana na wenzao. Wakati huo huo wake za ndugu zake walikuwa wanalima kwa majembe yaliyolika hadi kuwa kama vijiko. Hakuna aliyenung'unika, maana shemeji huheshimiwa. Isipokuwa Perpetua, mke wa mdogo wake, kila alipopita mbele ya nyumba ile alisimama, akapiga goti kidogo, akasalimu kwa sauti:

"Shikamoo, dari."

Romanus alijifanya hasikii.

Mwezi wa tatu mwaka themanini na tatu serikali ilitangaza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Tukasikia mambo ya mijini: magunia ya sukari yanatupwa mitoni, majora ya vitambaa yanakutwa vyooni. Tulisikia kama watu wanaosikia mvua ya kilima cha pili. Kisha Jumapili moja, baada ya misa, Raimundi akasimama nje ya kanisa. Raimundi alikuwa kamanda wa mgambo wa kijiji, na alikuwa mtoto wa dada yake Romanus. Alisema kesho watakuja wakaguzi kutoka wilayani, kila nyumba itafunguliwa, na atakayekutwa ameficha bidhaa adimu ataondoka na gari lao. Alisema maneno hayo akiitazama kengele. Hakumtazama mjomba wake hata kidogo.

Alasiri ile Walburga alimkuta mumewe nyuma ya zizi la nguruwe, ndani ya shimo lililofika magotini.

"Unamzika nani?"

"Mahari."

"Katika ardhi ya masika hii? Utazika majembe, utafukua uji mwekundu."

"Basi niende jela?" Alisimama ndani ya shimo lake, mzee mwenye matope hadi viwiko. "Mama Zita, jela siiogopi. Naogopa kutoka jela nikakuta sina kitu mkononi. Baba yangu alikufa hana kitu mkononi, na alikuwa amefanya kazi."

Walburga alikaa ukingoni, akaiteremsha miguu shimoni karibu na yake. Nguruwe walikoroma. Mawingu yalikuwa yanashuka mlimani polepole kama ng'ombe wanaorudi.

"Mteremko mzima una nyasi zilizolazwa, zinangoja udongo," alisema hatimaye. "Wanawake wa ukoo huu wanalimia vijiko. Na wewe umetoka kumlimia nguruwe."

Akasimama, akakung'uta nguo, akashika njia ya kwa Perpetua.

Kulipopambazuka wanawake wa ukoo walikuja, kila mmoja na mpini wake. Zita alipanda ngazi ya jikoni, akawa anayateremsha majembe moja moja. Perpetua alilipokea la kwanza, likamponyoka.

"Shemeji! Hili la kulimia au la kukaangia?"

Kicheko kikazunguka ua wote. Wakayafuta kwa nyasi, wakayapigilia mipini, wakaondoka mmoja mmoja. Romanus alisimama kando ya mlango akiyatazama yanavyotoka, kama mzazi anayewaaga watoto wanaokwenda shule ya mbali.

"Jioni watarudisha," alimnong'oneza mkewe.

"Waambie wewe."

Hakuwaambia.

Asiyewahi kufika kwetu asidhani kwamba sisi tunalima matuta ya kawaida. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza mlimani kwa miraba, kisha wanawake huchimba katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi kwa udongo. Mlima hubaki na mashimo kama sega la asali, mvua ikija inatulia mle ndani badala ya kukimbia na udongo wetu. Ndizo ngolo. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na siku ile iliimbwa kuliko kulimwa. Jembe jipya lina mlio wake. Wengi wa wanawake wale walikuwa hawajausikia miaka mingi.

Wakaguzi walifika jua likiwa kichwani. Dari ya Romanus ilikuwa na masizi tu na harufu ya nguruwe. Lakini kiongozi wao, bwana mmoja wa pwani aliyevaa viatu vya ngozi visivyofaa milima yetu, hakuwa mjinga. Alitazama mteremko, akaona chuma kinametameta kila mahali, akateremka akishikilia vichaka. Alisimama mbele ya Perpetua.

"Mama, jembe jipya hili umelipata wapi?"

"La mahari."

"Mahari gani ya majembe?"

"Kumbe kwenu mnaoa bure?"

Wanawake wakaangua kicheko, na hata Raimundi akageukia upande wa pili. Bwana yule akatabasamu kidogo, lakini akamgeukia Romanus, aliyekuwa amewafuata nyuma.

"Mzee, wewe ndiye baba wa binti. Nijibu wewe. Majembe haya ni ya nani?"

Kazi ikasimama. Mlima wote ukamtazama. Kila mmoja wetu alijua kilichokuwa kinaulizwa. Akisema yangu, gari lilikuwa barabarani. Akisema yao, ameyatoa. Maana kwetu neno alilolisema mkubwa wa ukoo mbele ya wake za ndugu zake, shambani, mchana kweupe, halirudi. Nyuma ya neno hilo kulikuwa na uzee wake wote, na kahawa yake yote, na usingizi ambao aliweza kuupata kwa sababu tu chuma kilikuwa juu ya kichwa chake.

Walburga peke yake ndiye aliyeendelea kuchimba. Hakuinua uso.

Romanus alilitazama jembe la Perpetua, lililokwama kwenye udongo hadi nusu.

"Ni ya wake za ndugu zangu," alisema. "Wamegawana mahari ya mtoto wao."

"Yote?"

"Yote."

Perpetua akapiga kigelegele kilichofika, nadhani, hadi Mbinga. Yule bwana akatikisa kichwa, akamsifu mzee kwa moyo wa ushirikiano, akaanza kupanda kurudi barabarani, Raimundi akimsukuma kiunoni.

Jioni wanawake waliteremka na majembe mabegani. Romanus alikuwa amesimama njia panda, wakawa wanapita mmoja mmoja wakimsalimu. Perpetua alisimama. Safari hii hakutania.

"Shemeji, shika. Lako moja, ulale nalo."

Alilishika. Mafuta yalikuwa yamekwisha, na mdomo wake ulikuwa umeng'arishwa na mchanga. Alipitisha kidole gumba, akakutana na pengo dogo, palipogonga jiwe. Tulidhani atalia.

"Kesho mnalima kwa nani?" aliuliza.

"Kwangu."

"Sasa utalima na nini?" Akamrudishia.

Zita aliolewa baada ya Pasaka. Yale mawili hayakuja, na Romanus hakumdai mkwewe hata siku moja, ila alimwita Bwana Taifa hadi mwisho. Miaka iliyofuata shilingi ilishuka kweli, kama alivyosema, ikashuka hata yeye akaacha kuitabiri. Hakuwa na kitu darini. Lakini alianza tabia mpya ya kutembea. Asubuhi alishika fimbo, akaenda nyumba hii au ile kusalimia, na baada ya salamu aliomba alione jembe. Alilipima kwa kiganja, akauliza linavyofanya kazi, akakaripia kama limelazwa nje. Haikuwezekana kumwacha mzee aondoke mikono mitupu, kwa hiyo hakuna nyumba iliyompokea bila sahani ya maharage, na mara nyingi alirudi kwa Walburga na mfuko uliojaa.

Nilikuwapo mara ya mwisho alipokwenda kwa Perpetua. Macho yalikuwa yamefifia. Alilipokea jembe, akalipapasa, na halikuwa pana kuliko kiganja chake.

"Limekwisha, shemeji," Perpetua alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba.

Romanus aliligeuza polepole magotini pake.

"Halikuisha," akasema. "Mmelila."

Akamwomba amwongezee maharage.