Kwato la Mtamba

Juzi, pale Chanji, nilimwona mama mmoja akiosha kwato la punda kwa maji ya chumvi. Ile harufu ya usaha na gunia bichi ikanirudisha nyumbani, Mollo.

Mtamba wetu mwekundu alikuwa na jipu kwenye kwato. Bwana mifugo alilipasua, na kazi ya kumuuguza akaachiwa mama. Mama alimkanda kwa maji ya moto, akamfunga kitambaa safi na kipande cha gunia. Kila jioni baba aliuliza, "Anakanyaga?" Nikadhani anampenda sana yule mtamba.

Alasiri moja mama alimjibu, "Anakanyaga, baba Skola." Baba akachukua kamba, akaondoka naye. Mama akabaki ameshika karai, machozi yakimtoka.

"Usilie, mama," nikamwambia. "Atarudi."

Ukubwani ndipo nilipoelewa. Kwetu, ng'ombe anayechechemea hapokelewi kwenye mahari. Baba alikuwa anaoa binti wa kijiji cha pili, na mama alijua tangu mwanzo. Alimkanda mtamba hivyo hivyo.

Siku ile nilimtazama yule mtamba mpaka alipopotelea nyuma ya mashamba ya ulezi. Hakuchechemea hata kidogo.