Bega la Tata Kabemba

Tata Kabemba aliendesha kamyo za mgodi kule Mashamba, Kolwezi, mpaka siku alipoanguka toka ngazi ya kamyo, bega la kuume likasagika. Kampuni ikamwekea bega la chuma. Mwaka mmoja lilimtii. Kisha likaanza kuuma, na kwenye kovu kikafunguka kitundu kinachotoa maji ya njano.

Docteur Gaston, munganga wa kampuni, mwimbaji wa kwaya mwenye sauti nzuri na masikio mabovu, alitazama akacheka.

"Tata Kabemba, hakuna usaha hapa. Ni uvivu."

Wauguzi nao wakacheka, na kufikia jioni mtaa mzima ulijua kwamba Kabemba ni mutu wa bongo, mwongo anayekwepa kazi. Yeye akaapa: "Ule Gaston atanijua. Hata nikibakia na mukono moja."

Kumbe kosa lilikuwa nyumbani. Mke wake, Mama Joyeuse, hakukubali mume wake afike kwa munganga akinuka. Kila mara kabla ya kwenda alipasua kapsuli za antibiotiki za sokoni, akamwaga unga kwenye kitundu, akammezesha nyingine, akamvika shati ya pasi. Kidonda kilifika kwa Gaston kimekauka, kitakatifu kama siku ya Pasaka. Wiki iliyofuata, usaha tena.

Ndugu wakampeleka Lubumbashi kwa Docteur Rachelle, mpasuaji wa mifupa. Huyu alimwuliza mke.

"Mama, munamupatia nini mbele ya kuya huku?"

"Dawa kidogo tu, docteur. Juu ya heshima."

"Ile heshima njo inaficha ugonjwa. Muache dawa yote, juma mbili. Kisha nitachoma sindano ndani ya kiungo, nivute maji, tupime."

"Na akinuka?"

"Anuke."

Kabemba aliacha dawa kwa furaha ya mtu anayenoa kisu. Homa ilipompanda alitaja jina la Gaston kama wengine wanavyosali rozari. Baada ya sindano, maabara ilingoja sana, maana kijidudu kilichojificha begani, kile kinachoishi kwenye ngozi, hukua polepole, kama mtoto wa tajiri anayetafuta diploma. Mwishowe kikaota.

Rachelle akapasua, akatoa chuma chote, akakwangua nyama iliyooza, akaosha, akajaza simenti yenye dawa ishike nafasi mpaka siku ya bega jipya.

"Huu mukono hautapita tena kichwa, tata."

"Sawa. Chuma yangu iko wapi?"

Wakakichemsha, wakampa.

Jumapili ya kurudi Kolwezi, mkono ukiwa umefungwa shingoni, alikaa benchi la nyuma ya kwaya. Padre aliposema tupeane amani, Gaston aligeuka, akamwona, na kwa kuwa watu walitazama, akanyoosha mkono.

"Amani ya Bwana, Tata Kabemba."

Kabemba akatoa mfukoni, kwa mkono wa kushoto, kile kichwa cha chuma, tufe la bega lililotolewa, akakiweka kwenye kiganja cha munganga, akamfunga vidole kimoja kimoja.

"Iko ya mu bega yangu, docteur. Kijidudu njo kilikuwa pale. Kamata muzuri, ni nzito."

Kwaya nzima ilisikia. Joho la kwaya halina mfuko. Gaston alipanga mstari wa komunyo akiwa amekishika hivyo hivyo, na alipofika mbele ya padre hakuwa na mikono miwili mitupu ya kupokelea hostia. Akafungua mdomo.