Zizi Lililoota Ukoka

Sikudhani binti Shaaban kutembea hakukujua; yeye alikuwa wa kukimbia tu. Siku ile alikipanda kilima mbio, kaniki kaifunga kibwebwe, jembe begani, na Akida Yahaya akimfuata nyuma huku roho inataka kumtoka. Maskini, mtu wa pwani, Wajerumani wamemleta Kondoa kuamua kesi za milima asiyoweza kuipanda.

Kesi yenyewe hii hapa. Ugonjwa wa sotoka ulipomaliza ng'ombe, watu wote walihama kilimani. Sikudhani alikuwa na miaka sita. Sasa ana watoto wanne na ng'ombe watano, na tangu siku hizo anaishi bondeni kwa watu, anaitwa mgeni. Anataka kurudi kwao. Mzee Mbwana naye anasema kilimani ni kwao. Nyumba zimebomoka, nyasi zimefunika kila kitu, mashahidi wamekufa, na Akida ameshasema mmoja wao ni mwongo, basi atakayeonyesha kwao atapewa kilima chote.

Walipofika juu, Mzee Mbwana alienda moja kwa moja penye nyasi ndefu kuliko zote. "Ni hapa. Nyasi hazirefuki hivi pasipo rutuba."

Sikudhani alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee wangu, shikamoo, lakini hebu ng'oa moja."

Aling'oa. Mizizi ikaja na changarawe tupu. Nyasi zile ngumu, za manjano, huota kwenye ardhi fukara, na ng'ombe hazili mpaka njaa imzidi.

Sikudhani akavua viatu, akakimbia huku na huko akipapasa kwa nyayo, mpaka akakanyaga kitu laini. Ukoka! Mfupi, wa kijani, umejaza duara zima, na nje ya duara manjano yanaanza hapo hapo. Akachimba kwa jembe. Udongo mweusi, mwepesi.

"Nusa, Akida. Hili lilikuwa zizi la baba. Ng'ombe walikufa miaka ishirini iliyopita, samadi yao bado inaotesha."

Akida alinusa, akapiga chafya, akachukua kalamu. "Kilima ni chako."

Basi hapo ndipo Sikudhani alipopagawa. Alipiga vigelegele, akacheza, akatoka nje ya duara akizunguka, akaruka vichaka viwili, na nyayo zake zikagusa ulaini tena. Akasimama. Duara la pili, dogo. Baba yake alikuwa na zizi moja tu.

Hakuna aliyeona. Akida alikuwa anaandika, Mzee Mbwana ameshaanza kuteremka na fimbo yake, mgongo umepinda.

"Mzee Mbwana," aliita. "Baba yako alikuwa na ng'ombe wangapi?"

"Sita. Unanicheka tena?"

"Rudi. Kwenu ni hapa."

Mzee alirudi polepole, akavua makubadhi, akakanyaga ukoka. Alilia kama mtoto, Sikudhani naye akalia, halafu wakaangaliana wakaanza kucheka hadi mbavu zikawauma. Akida akaichana karatasi yake, akaanza kuandika upya majina mawili.