Sadaka Isiyo na Kilo

Katika kanisa letu hapa Baraka, siku ya mavuno kila mtu huleta alichonacho: mihogo, mbuzi, mikeka, ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani. Mwaka huu bamama wa kanisa waliniomba programu ya kuonyesha ukutani, kwa projekta, kila sadaka na jina la aliyeitoa, kabla ya mnada. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na mama yangu alishatangaza kila mahali kwamba mwanawe anajua mashini.

Kompyuta yangu ni kuukuu, nami niliizoea lugha ya programu ya Objective-C. Niliandika klasi tatu, yaani aina tatu za vitu: Mnyama, Chakula, Kifaa. Sehemu ya kuonyesha ilikuwa ikiuliza kila kitu: wewe ni mnyama? Ni chakula? Ilifanya kazi vizuri. Lakini mimi huwazia hata ajali ambazo hazijatokea. Je, akija mtu na kitu kisicho kimojawapo?

Nikafuta karibu yote. Nikaandika itifaki moja, yaani mkataba: chochote kinachoitwa sadaka lazima kiwe na mtoaji na maelezo. Uzito nikauacha uwe wa hiari, na programu iulize kwanza kama kitu kinao, kwa sababu ukikidai kitu sifa ambayo hakina, programu yote inaanguka palepale. Sasa sehemu ya kuonyesha haikujali kama ni mbuzi au mkeka. Ilijua sadaka tu.

Rafiki yangu wa kwaya alinicheka. "We iko na matatizo! Mbuzi ni mbuzi, unaiandikia mukataba ya nini?"

Siku yenyewe, mstari ulipokwisha, akaja mama mmoja mkimbizi kutoka Burundi, mikono mitupu. Mwenyekiti wa bamama akamuuliza ameleta nini.

"Sina kitu, mama. Naleta siku moja ya kulima. Mwenye ataichukua, nitamulimia shamba yake."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akanigeukia: "Mutoto yangu, ya huyu nayo itaonekana pale? Ao tuiseme tu na mudomo?"

Yule mama alikuwa akitazama sakafu. Kama ingesemwa kwa mdomo tu, yake ingekuwa sadaka ya pembeni.

"Itaonekana, mama. Munipe wimbo moja."

Kwaya ikaimba. Nikaandika klasi mpya, Kazi: mtoaji, maelezo, basi. Nikaiunga na itifaki. Sehemu ya kuonyesha sikuigusa hata herufi. Wimbo ukaisha kabla yangu. Rafiki yangu, alipoona jasho langu, akaanzisha kiitikio upya.

Ukutani akapita mbuzi na kilo zake, ndagala na kilo zao. Kisha likaja jina la yule mama, kwa herufi kubwa kama za wengine: siku moja ya kulima. Mahali pa uzito palikuwa patupu, na hakuna kilichoanguka. Vigelegele vikapigwa, na mikono ikainuka mpaka mabenchi ya nyuma.

Mama yule aliinua uso, akalisoma jina lake polepole, akaenda kukaa pamoja na watoaji wengine.

Nyuma yangu nikamsikia mama yangu akimwambia jirani: "Ule wa mashini ni wangu."

Kwa kawaida ningeinama kwa aibu. Safari hii niligeuka, wanione vizuri.